Wakala anataka nisaini asilimia 3 kabla hajanionyesha nyumba (Columbus, Ohio). Ni sheria au napigwa?

Mnunuzi_Mgeni

Wakuu habarini. Natafuta nyumba ya kwanza hapa Columbus, bei isizidi dola 310,000, mkopo wa FHA (ule wenye bima ya serikali ya Marekani), kianzio asilimia 3.5. Wakala niliyeunganishwa naye na watu wa kanisani amekubali kunitembeza Jumamosi kuona nyumba 3, lakini jana usiku kanitumia karatasi za kusaini kwenye simu. Ndani yake: kamisheni yake asilimia 3 ya bei, muda miezi 6, eneo ni kaunti nzima ya Franklin na zinazopakana nayo, ada ya ofisi dola 395, na mstari unaosema muuzaji akilipa pungufu, tofauti namalizia mimi.

Walionunua miaka ya nyuma wananiambia mnunuzi hamlipi wakala hata senti, muuzaji ndiye anawalipa wote wawili. Sasa nani mkweli? Ni lazima kusaini kabla ya kuona nyumba? Na nikienda moja kwa moja kwa wakala wa muuzaji, siokoi hiyo asilimia 3? Akiba yote ni kama dola 24,000, kwa hiyo kila elfu ina kazi yake.

Mzee wa Hati

Wote wakweli, ila kila mmoja anazungumzia zama zake. Mpaka ni tarehe 17 Agosti 2024.

Kabla ya hapo muuzaji alikuwa anakubaliana na wakala wake kamisheni moja, mara nyingi asilimia 5 hadi 6, kisha wakala huyo anaimega na kumpa kipande wakala atakayeleta mnunuzi. Ukubwa wa kipande uliandikwa kwenye MLS, yaani kanzidata ambamo mawakala wanaorodhesha nyumba zinazouzwa. Mnunuzi hakuletewa bili yoyote. Pesa ilikatwa kwenye mauzo ya muuzaji siku ya kufunga, yaani siku ya kukamilisha ununuzi. Ndiyo hiyo "bure" wanayokusimulia. Ilikuwa imekaa ndani ya bei ya nyumba, na isitoshe wakala aliyeona nyumba moja inatoa 3 na ya jirani inatoa 1.5 alikuwa na kila sababu ya kutokukupeleka kwa jirani.

Wauzaji wa Missouri wakaenda mahakamani. Tarehe 31 Oktoba 2023 baraza la wananchi wanaoamua kesi (jury) kwenye mahakama ya shirikisho ya Kansas City likasema chama cha kitaifa cha mawakala, NAR, pamoja na makampuni makubwa ya udalali, walikula njama kuzipandisha kamisheni. Fidia ilikuwa karibu dola bilioni 1.8, na kwa sheria za ushindani ingeweza kuzidishwa mara 3. Machi 2024 NAR wakakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zao. Kanuni zikaanza Agosti, na idhini ya mwisho ya mahakama ikatoka 26 Novemba 2024.

Yaliyobadilika ni mawili. La kwanza, ni marufuku kutangaza ndani ya MLS kwamba wakala wa mnunuzi atalipwa kiasi gani. La pili ndilo lililokukuta wewe: wakala anayetumia MLS hawezi kukuzungusha ndani ya nyumba kabla hamjawekeana mkataba wa maandishi unaotaja malipo yake. Hata akikuonyesha kwa video ya moja kwa moja, yeye yumo ndani na simu na wewe uko kwako kitandani, inahesabika kuwa umetembezwa.

Kwa hiyo kusaini kitu kabla ya Jumamosi, ndiyo, utasaini. Kusaini HICHO alichokutumia, hapana. Kanuni inataka mkataba uwepo. Haijasema asilimia 3, haijasema miezi 6, wala haijasema lazima uwe wake peke yake. Na tena mkataba wenyewe unatakiwa uwe na maneno yanayoonekana waziwazi kwamba kamisheni haijapangwa na sheria na inajadiliwa. Yatafute kwenye hizo karatasi. Yasipokuwepo, wakala wako anatumia fomu ya zamani.

Siku ya nyumba kuwa wazi kwa watu wote, ile ya Jumapili mchana yenye kibao nje, unaingia bila kusaini mkataba na yeyote, kwa kuwa wakala aliyepo pale anamfanyia kazi muuzaji. Ila ukipewa kishikwambi mlangoni ujiandikishe, soma unachobonyeza.

Kobe wa Ohio

Nyongeza kidogo kwa Mzee: hii si sheria ya bunge la Marekani. Ni masharti ya suluhu ya kesi, yanawabana wanaotumia MLS. Baadhi ya majimbo yana sheria zao zinazodai mkataba kama huo. Hata Wizara ya Sheria ya Marekani ilipeleka maoni mahakamani Novemba 2024 ikisema kumlazimisha mnunuzi kusaini kabla ya kuona nyumba kunaweza kuleta shida nyingine ya ushindani. Mahakama ikaidhinisha hivyo hivyo.

Karatasi Kwanza

Ndugu Mgeni, achana na historia, tuchukue hizo karatasi mstari kwa mstari. Mkataba huu ndio bei yako ya wakala. Ukishausaini hivyo ulivyo, mazungumzo yote yanayofuata na muuzaji ni juu ya nani atamlipia, si atalipwa ngapi.

Asilimia 3. Ni ofa yao ya kwanza, ichukulie kama bei ya kwanza pale Kariakoo. Kamisheni za mawakala wa wanunuzi Marekani, kwa hesabu za Redfin, kampuni ya udalali ya mtandaoni, zimekuwa zikizunguka asilimia 2.4 tangu kanuni zibadilike, na kwenye nyumba za bei ya chini asilimia huwa juu kidogo kuliko kwenye nyumba za milioni. Kwa dola 310,000, asilimia 3 ni 9,300, asilimia 2.5 ni 7,750, asilimia 2 ni 6,200. Unaweza pia kuomba kiasi kamili badala ya asilimia, mfano dola 7,000 hata nyumba iwe ya bei gani. Mimi napendelea kiasi kamili, maana wakala wa asilimia hana faida ya kukushushia bei. Akijibu "ofisi haituruhusu chini ya 3", huenda ni kweli. Hiyo ni sera ya ofisi yake na ana haki nayo, na wewe una haki ya kwenda ofisi nyingine. Asiseme tu kwamba ni sheria.

Namba yenyewe lazima ieleweke kwa kuisoma tu. Maneno kama "kamisheni itakuwa kiasi chochote atakachotoa muuzaji" hayaruhusiwi. "Kati ya asilimia 2 na 3" hayaruhusiwi. "Asilimia 2.5 au anachotoa muuzaji, kipi ni kikubwa" nayo hayaruhusiwi. Na namba mliyoandika ndiyo dari: wakala hawezi kupokea zaidi ya hapo kutoka kwa mtu yeyote. Mkiandika 2.5 na muuzaji akawa tayari kutoa 3, hiyo nusu haiendi mfukoni kwa wakala. Mwombe muuzaji aielekeze kwenye gharama zako za kufunga. Hapa ndipo penye mchezo mmoja wa kuangalia: umeshaipenda nyumba, wakala anagundua muuzaji anatoa 3, anakuletea kikaratasi cha "marekebisho" kinachopandisha 2.5 kuwa 3 eti kwa kuwa wewe hutoi chochote. Usisaini. Hiyo nusu kwenye nyumba ya 310,000 ni dola 1,550, na ingeweza kuwa yako.

Miezi 6. Kwa mtu ambaye hamjawahi kufanya kazi pamoja ni mingi mno. Omba mkataba wa kutembezwa tu: taja zile anwani 3 za Jumamosi, muda siku 3 hadi 7, usiwe wa kumfunga mtu kwa wakala mmoja. Ofisi nyingi zina fomu fupi ya namna hiyo. Wengine wanaandika malipo sifuri kwa matembezi ya kwanza, na hilo linakubalika. Kanuni inataka namba ieleweke, na sifuri ni namba. Mkielewana, ndipo mnasaini wa siku 60 au 90.

Kufungwa kwa wakala mmoja. Angalia kama mkataba unasema ni yeye peke yake. Ikiwa ndivyo, ukinunua nyumba YOYOTE ndani ya eneo hilo katika miezi hiyo 6 anadai chake, hata ukiiona mwenyewe kwenye kibao cha barabarani, hata ukiuziwa na shemeji yako asiye na wakala. Kaunti ya Franklin na zinazopakana nayo ni karibu Columbus yote na viunga vyake, huna pa kukimbilia. Ondoa kwa maandishi nyumba za watu unaowafahamu kama zipo.

Kipindi cha baada ya mkataba. Hukukitaja, lakini karibu kila fomu inacho. Mkataba ukiisha, wakala anaendelea kulindwa kwa siku kadhaa: ukinunua nyumba aliyokuonyesha yeye, unamlipa. Ni haki, ila ipunguze iwe siku 30, na iwe kwa nyumba zilizoorodheshwa kwa anwani ndani ya orodha atakayokupa mkataba unapoisha. Bila orodha, kila nyumba inaweza kugeuka "nilimwonyesha mimi".

Kujitoa. Weka mstari kwamba upande wowote unaweza kuvunja kwa taarifa ya siku 3 kwa barua pepe. Kisha uliza kama kuna ada ya kuvunja.

Dola 395. Hii ni ada ya ofisi juu ya kamisheni. Iombe ifutwe au iingie ndani ya ile namba kuu. Kwa masharti ya dari, malipo yote ya udalali yanatakiwa yaonekane kwenye mkataba. Ada inayozuka wiki ya kufunga na haikuandikwa, huilipi.

Na neno la mwisho, samahani kwa kuligusa: usisaini kwa sababu ni mtu wa kanisani. Aibu ndiyo inayowagharimu watu wetu kuliko riba. Mwambie tu, "Kaka, nipe usiku mmoja nisome." Kiingereza cha mkataba kikikupa shida mpelekee mtu akusomee, lakini asiwe wakala huyo huyo.

Mnunuzi_Mgeni

Asante sana Karatasi Kwanza. Mstari wa tofauti je? Huo ndio unanitisha. Na siwezi kuiingiza kamisheni kwenye mkopo nikailipa polepole?

Dada Mkopo

Hapo nakuja mimi.

Kuiongeza kamisheni moja kwa moja juu ya mkopo, hapana. FHA haikuruhusu kukopa kamisheni, na mikopo ya kawaida ni hivyo hivyo. Chochote unachodaiwa na wakala ambacho muuzaji hakulipa ni fedha taslimu siku ya kufunga, na benki itaihesabu mapema kwenye kiasi unachotakiwa kuthibitisha kwamba unacho. Ndiyo maana afisa mikopo wako lazima auone huo mkataba SASA, kabla hujaweka ofa. Makosa mengi hutokea hapa: mnunuzi anapata barua ya idhini ya awali, hakuna aliyemwambia benki kuhusu kamisheni, wiki mbili kabla ya kufunga inaonekana anapungukiwa dola elfu kadhaa, na arubuni iko hatarini.

Hesabu yako kwa nyumba ya 310,000, nikichukua gharama za kufunga kuwa asilimia 3 kwa mfano tu (zako utaziona kwenye Makadirio ya Mkopo, ambayo benki inatakiwa kukupa ndani ya siku 3 za kazi baada ya maombi):

Kianzio asilimia 3.5: dola 10,850
Gharama za kufunga: dola 9,300
Jumla bila wakala: dola 20,150

Muuzaji akimlipa wakala wako chote, unabaki kulipa hiyo 20,150 na ile 395. Muuzaji akitoa asilimia 2 na wewe umesaini 3, unaongeza 3,100, inakuwa 23,250, na ukijumlisha 395 ni 23,645. Kwa akiba ya 24,000 umebakiwa na dola 355. Bado hujalipa ukaguzi wa nyumba, bado hujalipa lori la kuhamia. Muuzaji asipotoa kitu, ni 29,845. Huna.

Bima ya mkopo ya FHA ya mwanzoni, asilimia 1.75, usiitie kwenye hesabu hii. Ni dola 5,235 na kawaida huingizwa ndani ya mkopo.

Kwa hiyo mstari wa tofauti kwako si wa kujadili asilimia tu. Wakala wako aandike hivi: muuzaji akikataa au akilipa pungufu, mnunuzi anaweza kujitoa kwenye nyumba hiyo, au wakala anapokea pungufu, mnunuzi hadaiwi tofauti. Wakala asiyekubali kuufuta kabisa, mwekeeni kikomo: mnunuzi hatalipa zaidi ya dola 1,000 kutoka mfukoni.

Njia ya pili ya "kukopa" ni kuipandisha bei. Badala ya 310,000 unaandika 318,000 na muuzaji anamlipa wakala wako. Kianzio kinapanda kwa dola 280 tu, mkopo unapanda 7,720. Kwa riba ya asilimia 6.5 ya miaka 30, ni karibu dola 49 kwa mwezi, na ukiulipa hadi mwisho umetoa zaidi ya 17,500 kwa ajili ya kamisheni isiyofika 8,000. Lakini cha kukukosesha usingizi ni tathmini ya nyumba. Mthamini akisema nyumba ni ya 310,000, FHA inakukopesha kwa namba ndogo kati ya hizo mbili. Mkopo unabaki 299,150, na wewe unatakiwa kuja na 18,850 badala ya 11,130. Bahati nzuri FHA ina kipengele chake kwenye mkataba wa kununua: tathmini ikitoka chini ya bei, unaweza kuondoka na arubuni yako. Hakikisha kimesainiwa.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakuja: kuna kikomo cha mchango wa muuzaji? Kwa FHA ni asilimia 6, yaani 18,600 kwa nyumba hii, zinazoweza kwenda kwenye gharama zako za kufunga. Kamisheni ya wakala wa mnunuzi, pale ambapo ni desturi ya eneo kulipwa na muuzaji, haihesabiwi ndani ya hiyo 6. Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya kawaida kutoka kwa benki, wana msimamo huo huo; huko kikomo ni asilimia 3 kama kianzio chako hakifiki asilimia 10. Hii ina maana usikubali wakala akwambie "chagua, muuzaji anilipe mimi au akulipie gharama zako". Unaweza kuomba vyote viwili.

Mstaafu_Jeshini

Kwa wenye mkopo wa VA (wa wanajeshi na waliostaafu jeshi) wanaosoma hapa: zamani askari hakuruhusiwa kumlipa wakala kabisa. Tangu 10 Agosti 2024 VA imelegeza, anaweza kulipa, ila haingii ndani ya mkopo. Taslimu.

Pwani Kwetu

Mbona mnamtisha mwenzenu? Siku hizi muuzaji hamlipi wakala wa mnunuzi, imeisha hiyo. Aende tu kwa wakala wa muuzaji mwenyewe, aokoe. Nyumbani tulizoea mpangaji anamkabidhi dalali kodi ya mwezi mmoja na maisha yanaendelea, huku kila kitu kesi.

Mzee wa Hati

Pwani Kwetu, hapo mbili zote umeteleza.

Muuzaji anaruhusiwa kulipa, na wengi wanalipa. Kilichokatazwa ni kukitangaza kiasi hicho ndani ya MLS. Wakala anapiga simu au anatuma ujumbe kwa wakala wa muuzaji, anauliza. Au kimeandikwa kwenye tovuti ya ofisi ya udalali yenyewe. Au hakijaandikwa popote na kinaombwa ndani ya ofa. Muuzaji mwenye akili anajua kwamba wanunuzi wa kianzio cha 3.5 hawana pesa ya ziada, akiwakataa wote amebaki na wenye taslimu.

Kuhusu kwenda kwa wakala wa muuzaji: kamisheni ya huyo iko kwenye mkataba wake na muuzaji. Kama imeandikwa asilimia 5 bila kusema itapungua pasipokuwa na wakala wa pili, basi anachukua 5 zote yeye, na bei yako haikushuka hata dola. Unaweza kuomba ishushwe, na wengine hukubali, ila anayeamua ni muuzaji na mkataba wake. Na huyo wakala wajibu wake ni kwa muuzaji. Ukimnong'oneza kwamba unaweza kufika 310, anatakiwa kumwambia bosi wake. Ohio inaruhusu wakala mmoja kusimama pande zote mbili kwa ridhaa ya maandishi, lakini akiwa hapo katikati hawezi kumshauri yeyote juu ya bei. Florida na Colorado wamelikataza kabisa. Ofisi za Ohio zinatakiwa kukupa mwongozo wa mteja unaoeleza nani anamwakilisha nani. Usome kabla hujafungua mdomo kuhusu bajeti.

Mwenye uzoefu wa kununua na kuuza, anayejua kusoma ripoti ya ukaguzi na kumlipa mwanasheria dola mia kadhaa apitie mkataba, anaweza kwenda mwenyewe. Mnunuzi wa kwanza mwenye FHA na akiba ya 24,000, mimi nisingemshauri.

Pwani Kwetu

Sawa mzee, nimekuelewa. Hiyo ya 5 zote kwenda kwa mmoja sikuijua.

Mbuyu

Tuingie kwenye ofa sasa, maana mkataba na wakala ni nusu ya safari.

Malipo ya wakala yanaweza kutoka kwa muuzaji kwa njia 3. Ofisi ya wakala wa muuzaji inakubali kwa maandishi kuigawia ofisi ya wakala wako. Au muuzaji anaahidi ndani ya mkataba wa kununua. Au muuzaji anatoa mchango wa jumla kwa gharama zako, nawe unaupanga, kwa ruhusa ya benki. Hiyo ya kati ndiyo imara kwa mnunuzi, kwa sababu imo kwenye karatasi yako mwenyewe na muuzaji kaisaini. Mstari uwe na namba: muuzaji atalipa ofisi ya wakala wa mnunuzi dola 7,750 siku ya kufunga. Ujumbe wa simu wenye "tutaangalia, haina shida" hauna mashiko siku ya kufunga ikifika.

Fahamu muuzaji anavyosoma ofa. Haangalii bei ya juu, anaangalia kinachobaki. Ofa yako ya 310,000 yenye ombi la 7,750 inamwachia 302,250 kabla ya makato yake mengine. Jirani akileta 305,000 bila ombi lolote, kakupita kwa 2,750 ingawa bei yake kwenye karatasi ni ndogo. Kwa hiyo nyumba yenye ofa 6 wikiendi ya kwanza, ombi kubwa linakuangusha. Nyumba iliyokaa sokoni siku 45 na kushushwa bei mara moja, omba kamisheni, omba na gharama za kufunga.

Tahadhari ya nyumba mpya. Wajenzi wakubwa kwa kawaida wanamlipa wakala wa mnunuzi, lakini wengi wanataka wakala awepo au asajiliwe kwenye ziara yako ya KWANZA. Ukipita mwenyewe Jumapili kuangalia nyumba ya maonyesho, ukaandika jina, kesho yake ukamleta wakala, mjenzi anaweza kusema mteja ni wake. Hapo mjenzi halipi, na mkataba wako na wakala unasema analipwa. Atadai kwako.

Siku 3 za kazi kabla ya kufunga utapata Taarifa ya Kufunga ya kurasa 5. Fungua ukurasa wa pili, sehemu H. Kamisheni ziko pale, na kuna safu ya mnunuzi na safu ya muuzaji. Dola 7,750 za wakala wako zikiwa kwenye safu yako wakati mkataba unasema muuzaji, piga simu kampuni ya hati, ile inayosimamia kufunga, siku hiyo hiyo. Wanarekebisha kwa kuangalia mkataba wa kununua. Wasipouona mstari humo, wanarudi kwako.

Mnunuzi_Mgeni

Wakuu nimerudi. Wakala kakubali 2.5, kaifuta ile 395, lakini kasisitiza miezi 6 na kwamba yeye peke yake. Mstari wa tofauti kasema "tutaongea ikifika". Nimsainie?

Karatasi Kwanza

"Tutaongea ikifika" si kipengele. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtumie hivi, naye aweke kwa Kiingereza cha fomu yao: mkataba wa siku 5 kwa zile anwani 3 tu, usiofunga; ukiweka ofa kwenye mojawapo, malipo asilimia 2.5, yataombwa kwa muuzaji ndani ya ofa. Muuzaji akilipa pungufu, mnunuzi anachangia si zaidi ya dola 1,000, na zaidi ya hapo wakala anaisamehe au mnunuzi anaiacha nyumba bila deni. Kumfungia yeye peke yake kwa siku 90 mtazungumza Jumatatu, mkishaona anavyofanya kazi.

Akikataa hata hilo la siku 5, nyumba 3 za Jumamosi zina mawakala wengine mia wa kuzifungua. Zikague pia kama kuna mojawapo itakayokuwa wazi kwa wote Jumapili. Hiyo unaingia bila karatasi.

Dada Mkopo

Na kabla hujasaini, picha ya huo ukurasa wa malipo mtumie afisa mikopo leo. Mwambie atengeneze hesabu mbili: ya muuzaji akilipa yote, na ya wewe ukichangia 1,000. Kwa asilimia 2.5 na kikomo hicho unatakiwa kuwa na 21,150, zinabaki 2,850 za ukaguzi na kuhama. Akikuletea namba iliyo mbali sana na hiyo, kuna gharama ya kufunga ambayo mimi nimeikadiria chini, muulize ni ipi.

Mnunuzi_Mgeni

Kakubali siku 5, anwani 3, kikomo 1,000. Afisa mikopo kasema gharama za kufunga zitakuwa 9,900 badala ya 9,300 kwa sababu ya kodi ya nyumba inayowekwa akiba mapema. Kwa hiyo 21,750.

Dada Mkopo

Hapo sawa. Hiyo 600 iingize kwenye ombi la mchango wa muuzaji ndani ya ofa. Haigusi kamisheni, na uko mbali sana na kikomo cha 18,600.